Walioiona Elimu Ikiingia

Hapo zamani, wala si za kale sana, kwa maana wahusika wote bado wanapokea mishahara, ilitokea katika nchi yetu kwamba mtu mwenye cheti akawa anashukiwa kuliko mtu asiye nacho. Jina la nchi yetu sitalitaja. Si kwamba naogopa. Jina lenyewe liko kwenye uhakiki, na mpaka lithibitishwe kuwa ni letu kweli, wananchi tumeshauriwa tuseme tu "hapa kwetu".

Mimi ni mtumishi wa Wizara ya Elimu na Uangalifu. Kazi yangu ni kubeba mwavuli. Nimeubeba jua na mvua, tangu tumbo langu likiwa bapa, na humfunika yeyote aliye mkubwa kuliko wote mahali tulipo. Ni kazi yenye heshima zake. Mbeba mwavuli huingia kila chumba na hakuna anayemtazama, kwa hiyo mengi ya haya nitakayosimulia nimeyaona kwa macho yangu mwenyewe, ila tafadhali msiniite mahakamani.

Chanzo cha yote ni mkubwa mmoja aliyegundulika ana shahada ya uganga wa meno kutoka chuo ambacho wapelelezi walipokifuata walikuta ni banda la kuku. Kuku walikuwepo, mkuu wa chuo hakuwepo. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Wizara haikucheka. Kumwondoa mkubwa yule kungeonekana ni chuki binafsi, basi Wizara ikaamua kuviondolea imani vyeti vyote, vya kweli na vya uongo, ili haki itendeke bila upendeleo. Tangazo likabandikwa kila ukuta: Karatasi husema uongo, jicho halisemi uongo.

Hapo ndipo ulipoanzishwa Mpango wa Uzamili wa Kuthibitisha Walimu. Kila mwenye shahada aliyekuwa akifundisha alitakiwa aombe nafasi katika Mpango, asome, athibitishwe, kisha arudi darasani. Asiyethibitishwa haruhusiwi kufundisha. Akikutwa anafundisha, kifungo chake ni kirefu kuliko cha mwizi wa ng'ombe, na ng'ombe hapa kwetu wanaheshimika sana.

Masharti ya kujiunga yalikuwa mepesi. Mwombaji awe na shahada isiyopungua daraja la pili, lakini mwenye daraja la kwanza aeleze alilipataje. Awe na uzoefu wa kufundisha, lakini asiwe amefundisha bila kuthibitishwa. Awe na afya njema na asiwe na furaha isiyo na sababu. Sharti la mwisho, ambalo ndilo lililokula vichwa vya watu, lilisema kwamba aje na mashahidi wawili walioiona elimu ikimwingia.

Msishangae. Mwezi mwandamo nao hautangazwi kwa karatasi, hutangazwa kwa walioona. Wizara iliuliza: ikiwa mwezi, ulio juu kabisa na mkubwa vile, unahitaji mashahidi, seuze elimu, ambayo inaingia kichwani kimya kimya?

*

Katika mji mdogo wa Kwamtoro Juu alikuwepo mwalimu mmoja aitwaye Zaituni Makoba, mwenye shahada ya hisabati ya daraja la kwanza. Alifundisha hesabu darasa la saba. Shule ile haikuwa na mwalimu mwingine wa hesabu, na kabla yake watoto wa pale walikuwa wakifeli kwa pamoja, kwa umoja na mshikamano, mwaka hadi mwaka. Zaituni alikuja akawatia makali. Walianza kufaulu, na kwa kuwa walianza kufaulu, Wizara ilianza kuuliza kulikoni.

Tangazo lilipofika shuleni, Zaituni alijua maana yake. Asipoingia katika Mpango, ataacha darasa lake katikati ya njia na mtihani wa taifa uko mlangoni. Watoto wale wangerudi kufeli kwa mshikamano. Aliniambia mwenyewe kwamba hakuogopa kukosa kazi, maana mikono anayo na mama yake ana shamba. Alichoogopa ni kuwaacha wale watoto wakati ndiyo kwanza wameanza kuamini kwamba wana akili.

Akaomba. Akaitwa.

Chumba cha usaili kina milango miwili. Mwombaji huingia kwa mmoja na kutokea kwa mwingine, na kila mlango una askari wa kuhakikisha kwamba aliyetoka ndiye yule yule aliyeingia. Wajumbe wanne wa Baraza linalosaili waombaji hukaa katika pembe nne za chumba, migongo ukutani, kwa sababu hakuna mjumbe anayekubali mjumbe mwenzake akae nyuma yake. Chai yao huletwa katika birika moja. Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kunywa, hivyo kila jioni humwagwa ikiwa baridi. Mwombaji hukaa katikati, kwenye kigoda kinachozunguka.

Mwenyekiti, mmoja wa hao wanne, alikuwa Profesa Tabaruki Mwinyihija, msomi wa kusoma watu. Nilikuwa nimesimama kando yake na mwavuli, ingawa tulikuwa ndani, maana paa la Wizara nalo halijathibitishwa.

"Mwombaji," alisema Profesa, "kwa nini unataka kufundisha?"

"Nawapenda watoto, mheshimiwa. Na hesabu naipenda."

Wajumbe walitazamana kutoka pembe zao.

"Unawapenda watoto wa watu?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Nani kakutuma?"

"Sijatumwa."

"Mshahara wa mwalimu unaujua?"

"Naujua."

"Kelele za darasa la saba unazijua?"

"Nazijua, mheshimiwa."

"Na bado unataka." Profesa alishusha pumzi. "Ndugu wajumbe, mtu anayeutaka ubunge tunamwelewa. Mtu anayetaka ukurugenzi wa bandari tunamwelewa, na tunamwombea. Lakini mtu mzima mwenye akili zake, mwenye shahada, anautaka ualimu! Kuna nini huko darasani ambacho sisi hatujaambiwa?"

Mjumbe wa pembe ya mashariki aliuliza alilipataje daraja la kwanza. Zaituni akasema alisoma.

"Nani alikuona?"

Zaituni akazunguka na kigoda chake, akawatazama wote wanne. Akapewa hadi mwisho wa mwezi alete mashahidi, kisha akatokea mlango wa pili, ambako askari alimlinganisha na maelezo ya mlango wa kwanza na kumruhusu kwa shingo upande.

*

Nje ya Wizara, kwenye ngazi za posta ya zamani, ilikuwa imezuka biashara mpya. Wanawake na wanaume walikaa pale tangu asubuhi wakiita wapita njia: "Sheria! Udaktari! Uhasibu! Wote niliwaona wakisoma!" Hao ndio mashahidi wa kukodi. Mama mmoja mwenye kanga ya rangi ya manjano alimdaka Zaituni mkono kabla hajavuka barabara.

"Mwanangu, umesomea nini?"

"Hesabu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hesabu nafasi ninayo. Nilikuona ukisoma, tena kwa bidii. Siku hiyo ulivaa nini?"

"Mama, mimi nilisoma kweli."

Mama yule akamwachia mkono, akamtazama kwa huruma.

"Ee, pole. Hao ndio wanaotupa kazi ngumu. Aliyesoma kweli hakumbuki alivaa nini. Atababaika mbele ya Baraza, na shahidi wake naye atababaika. Wa kwangu hawababaiki."

Alikuwa anasema kweli. Wiki ile nilishuhudia kijana mmoja, mpwa wa mtu ambaye mwavuli wangu unamfahamu vizuri, akiingia na mashahidi wawili wa kukodi waliokariri hadi rangi ya soksi zake. Alikubaliwa kabla kigoda hakijaacha kuzunguka. Mtu wa kweli husitasita, na Baraza halipendi mtu anayesitasita.

Zaituni alikataa kukodi. Hapa niseme wazi kwamba nilimwona mpumbavu. Shahada yako ni ya kweli, unaihalalisha kwa uongo mdogo, unarudi kwa watoto wako, yamekwisha. Lakini yeye alisema hawezi kwenda kuwafundisha watoto kwamba mbili na mbili ni nne wakati yeye mwenyewe ameingia kwa mlango wa mbili na mbili ni tano. Watu wa hesabu wana kichwa kigumu.

Akaanza kuwatafuta mashahidi wa kweli. Aliyekaa naye chumba kimoja bwenini ameolewa ng'ambo. Mtunza maktaba alikumbukwa na wote kuwa alikuwa akilala. Mhadhiri wake wa zamani alimpokea vizuri, akamkaribisha kiti, kisha akasema, "Binti yangu, mimi niliona vichwa. Kuapa kwamba kitu kiliingia katika kichwa chochote, hapana, nina familia."

Mwishowe wanafunzi wake wenyewe walifunga safari mpaka Wizarani, darasa zima, wamevaa sare zilizopigwa pasi. Wakasimama mbele ya Baraza na kukokotoa hesabu za sehemu kwa sauti moja, bila kukosea. Profesa aliwasikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Hawa ni mashahidi wa elimu kutoka," alisema. "Tangazo linataka mashahidi wa kuingia."

*

Zilipobaki siku chache, kama alivyonisimulia baadaye, Zaituni alikuwa uani kwake akianika nguo, akamwona mwanamume mzee kidogo amesimama kwenye ua, amevaa koti la kijivu. Hakubisha hodi. Alikuwa amesimama tu, kama mtu aliyezoea kusimama.

"Shikamoo," akasema Zaituni.

"Marahaba, mwalimu. Hunikumbuki. Jina langu Lusewa. Chuoni nilikuwa nikikaa nyuma yako."

Zaituni akamtazama vizuri. "Ah! Wewe si yule kaka mkubwa aliyekuwa anarudia masomo? Kila mwaka?"

"Sikuwa narudia. Nilikuwa kazini."

Shuka ilimtoka Zaituni mkononi, ikaanguka kwenye vumbi.

"Ulikuwa unanifuata mimi? Nilifanya nini?"

"Hukufanya kitu," alisema Bwana Lusewa. "Ndiyo iliyotutia wasiwasi. Wenzako wa bwenini walikuwa wakienda kwenye dansi, wakigoma, wakitukana chakula. Hao tuliwaelewa. Wewe uko maktaba mpaka inafungwa, msichana peke yake na kitabu. Tukasema huyu ana lake jambo."

"Sasa umefuata nini hapa?"

Bwana Lusewa aliiokota ile shuka, akaikung'uta vumbi, akamrudishia.

"Nimestaafu. Miaka yote ile nilikuandama na sikupata hata kosa moja. Kwa mtu wa kazi yangu hilo ni doa. Nimesikia Baraza linatafuta waliokuona ukisoma. Mwalimu, hakuna mtu duniani aliyekuona ukisoma kuliko mimi."

Zaituni alimuuliza kama watu wa kazi yake huwa wanastaafu kweli. Bwana Lusewa akafikiri kidogo, akajibu kwamba huwa wanaambiwa hivyo. Jibu hilo halikumtuliza hata chembe. Lakini mtihani wa taifa ulikuwa unakaribia, na mfa maji haachi kutapatapa. Akamwambia waende.

*

Haijapata kutokea ushahidi kama ule. Bwana Lusewa alisimama kando ya kigoda, mikono nyuma, akasema kila kitu: vitabu alivyosoma Zaituni, namna alivyokuwa akitafuna kalamu akifika pagumu, siku aliyolia kwa sababu ya hesabu moja na siku aliyocheka peke yake alipoipatia. Alieleza hata namba tasa ni nini, maana aliyasikia yote kutoka kiti cha nyuma. Zaituni aliinamisha kichwa akasikiliza maisha yake mwenyewe yakisomwa na mtu mwingine. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuta mgeni ndani ya chumba chake cha kulala.

Wajumbe walifurahi. Mmoja alijisahau hadi akanywa chai.

"Na huo ushahidi wako, shahidi," akauliza Profesa, "nani aliyekuona ukiuona?"

"Mkubwa wangu, mheshimiwa. Alikaa nyuma yangu."

"Na yeye?"

"Alikuwepo wa kumtazama yeye, safu iliyofuata."

"Ukumbi ule wa mihadhara ulikuwa na wanafunzi wa kweli wangapi?"

Bwana Lusewa akahesabu kimoyomoyo.

"Mmoja, mheshimiwa. Huyu Zaituni."

"Na mhadhiri?"

"Huyo alikuwa wa idara nyingine."

Baraza lilijadiliana kwa kupigiana kelele kutoka pembe hadi pembe, kisha Profesa akasimama kutoa uamuzi. Nikanyanyua mwavuli.

"Baraza limeridhika pasipo shaka," alisema, "kwamba elimu ilimwingia mwombaji, Zaituni Makoba. Tunampongeza. Hata hivyo, Baraza limesikia pia kwamba dola iliona haja ya kumfuata mwananchi huyu miaka yote ya masomo yake. Dola haimfuati mtu bure. Panapofuka moshi pana moto, na hapa moshi umesimama mbele yetu umevaa koti la kijivu. Mtu anayeshukiwa hawezi kukabidhiwa watoto wa taifa. Ombi limekataliwa."

Zaituni alifungua mdomo. Kigoda kikazunguka, akajikuta anatazama mlango wa kutokea.

"Lakini Baraza," aliendelea Profesa, "halikubali taifa lipoteze elimu iliyoshuhudiwa. Bwana Lusewa alihudhuria mihadhara yote ile ile. Anao mashahidi, nao wana mashahidi wao. Hana furaha isiyo na sababu. Hakuwahi kuutaka ualimu. Ndugu wajumbe, tumeupata mfano wa mwombaji!"

Bwana Lusewa alisema kwa sauti ndogo kwamba yeye hakuwa ameomba. Profesa akamtazama, akamuuliza je, anakataa? Na kwa nini anakataa? Nani kamwambia akatae? Bwana Lusewa, aliyeijua nchi yake, akasema hakatai.

Akaingizwa katika Mpango siku ile, akathibitishwa mwisho wa wiki, na akapangiwa kituo cha kazi: Kwamtoro Juu, darasa la saba, hesabu.

*

Asubuhi ya kwanza Bwana Lusewa alisimama mbele ya darasa na kipande cha chaki, kama aliyeshikishwa kinyonga. Maisha yake yote alikuwa ametazama visogo vya watu. Nyuso hakuzizoea, na hapa zilikuwa nyuso tupu, zote zinamtazama yeye, zinamngojea aseme. Jasho likamtoka. Akatembea taratibu hadi nyuma ya darasa, akakaa kwenye dawati la mwisho, na hapo moyo wake ukatulia. Watoto wakabaki wakitazama ubao mtupu usio na neno. Siku ya pili ikawa vile vile, na ya tatu.

Siku ya nne alimwandikia mkubwa wake wa zamani, akamweleza kwamba mshukiwa Zaituni Makoba anaishi karibu na shule, na kwamba yeye, kwa kuwa sasa yuko darasani kutwa, hawezi kumtazama. Aliomba mshukiwa awekwe mahali ambapo mwalimu anaweza kumwona muda wote wa kazi. Katika nchi yetu barua za kuomba madawati hujibiwa baada ya watoto kuoa. Barua hii ilijibiwa keshoye, kwa ndiyo.

Na kutoka dawati la nyuma, mahali panapoonekana vizuri kuliko pote ni ubaoni.

Hivyo Zaituni akarudi. Kisheria hakuwa anafundisha, alikuwa anatazamwa. Alishika chaki, akaendelea na sehemu pale pale alipoishia, na Bwana Lusewa akakaa nyuma akitekeleza wajibu wake. Kama alikuwa bado anaripoti, na anaripoti nini, Zaituni hakujua. Siku moja mzee yule alinyoosha kidole akauliza kwa nini sehemu ikigawanywa inageuzwa, na Zaituni alimjibu huku mikono inamtetemeka, kwa sababu hakuweza kujua kama anauliza ili aelewe au anauliza ili apate neno la kupeleka. Watoto waliiona mikono ile. Watoto huona kila kitu.

Mtihani ulipita, lakini watoto hawakuacha kuja darasani. Kwamtoro Juu wakawa wa kwanza katika mkoa, na Waziri mwenyewe akaja kuwapongeza na kumpongeza mwalimu wao aliyethibitishwa. Nilikuwa nyuma yake na mwavuli. Tuliingia bila taarifa, kama ilivyo desturi ya Wizara, na tukamkuta Zaituni ubaoni, vidole vyeupe kwa chaki, katikati ya mfano. Bwana Lusewa alisimama nyuma.

Waziri alimchagua binti wa dawati la mbele, jina lake Chiku, mdogo wa umbo, mwenye macho makubwa. Akamwandikia hesabu ya sehemu ubaoni. Chiku akaenda, akaikokotoa, akaipiga mstari chini.

"Safi!" Waziri akapiga makofi. "Sasa niambie, mwanangu. Nani kakufundisha?"

Chiku alikuwa amesimama hatua moja tu kutoka kwa Zaituni. Angeweza kumgusa. Alimtazama Waziri, akautazama mwavuli wangu, akatazama sakafu.

"Sikuona, mheshimiwa," akasema.

Waziri akacheka, akamgeukia mtoto wa pili. Naye hakuona. Wa tatu hakuona, alikuwa ameinama. Safu kwa safu, darasa zima, watoto ambao mwalimu yule alikuwa amesimama mbele yao kila siku ya Mungu, hakuna hata mmoja aliyekuwa ameona. Sauti zao hazikutetemeka hata kidogo. Waziri alisema watoto hawa wana busara, hawaropoki, watafika mbali.

Tulipokuwa tunatoka, Zaituni alinishika mkono wa shati. Alikuwa analia, na sijui kama ni kwa shukrani au kwa uchungu. Nadhani vyote.

"Hilo sikuwafundisha mimi," alininong'oneza. "Wallahi sikuwafundisha. Nani kawafundisha?"

Waziri alikuwa amesimama juani akinisubiri. Nami, kwa kuwa nina mke na watoto, nilimjibu kwamba sikuona.